Mama Fundi wa Mtaa wa Sikukuu

Mgeni aliyefika ofisini kwetu kwa mara ya kwanza alikuwa na swali moja. Alipita duka la vitasa na bawaba lililokuwa chini, akapanda ngazi nyembamba, akaingia na kumkuta mwanamke mfupi amejifunga kanga juu ya gauni, vumbi la saruji limemkaa kwenye nyusi. Akamwambia, "Samahani mama, namuulizia fundi mwenyewe."

"Yuko jikoni, anapika," Mama Fundi alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye ramani.

Mgeni alicheka akidhani ni utani, lakini jibu lilikuwa la kweli. Fundi alikuwa mumewe, na saa ile hasa alikuwa nyumbani kwao Ilala akikaanga samaki, na ikifika saa saba angekuja na hotpoti mbili za chakula chetu. Mwenye kampuni, mkandarasi, mtu ambaye mgeni yule alikuwa amepanda ngazi kumtafuta, ndiye huyo mwenye kanga. Ilibidi mgeni akae kwanza, anywe maji, ndipo akili ikae sawa.

Nilifanya kazi kwake miaka kumi na minne kama mchora ramani. Hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita Mchoraji, tangu asubuhi ile niliyoingia na cheti changu cha chuo mkononi, binti mwembamba mwenye viatu vya visigino. Alikitazama cheti, akanirudishia. "Hiki mpelekee mama yako akifurahie," akasema. "Mimi nichoree ngazi." Nikachora ngazi. Akaipima kwa shibiri ya mkono wake, akaniambia kwamba mjamzito mwenye ndoo hawezi kupanda ngazi yenye vidato virefu vile. Nikachora upya. Mchana nilikula samaki wa mumewe na sikuondoka tena.

Jinsi alivyoanza ujenzi nilisikia kwa mumewe, maana mwenyewe ukimuuliza alikwambia, "Nilianza kwa kuanza." Mumewe alikuwa fundi wa kujenga, na mkewe ndiye aliyekuwa akimchanganyia saruji na kumsogezea tofali. Wakiwa katikati ya nyumba moja, mgongo wa mumewe ukagoma. Akalazwa chali kitandani, ukuta umefika kifuani. Mwenye nyumba akasema ataleta fundi mwingine. Mama Fundi akamwambia, "Njoo keshokutwa."

"Alipokuja keshokutwa akakuta ukuta umefika juu," mzee alituambia huku akipakua wali. "Akasema, kumbe mzee amepona haraka! Ukuta wenyewe nilikuwa hata sijauona, jamani. Nimelala, nasifiwa."

Mgongo ulipopata nafuu alirudi kazini kwa wiki moja. Akaona mkewe ananyoosha ukuta kuliko yeye, na yeye moyo wake tangu zamani ulikuwa kwenye sufuria. "Basi tukabadilishana mwiko," alisema. "Yeye akachukua wa kujengea, mimi nikachukua wa ugali. Na hakuna aliyelala njaa."

Mkewe alimtazama kwa jicho la pembeni, akaongeza mchuzi.

Alikuwa na tabia ya kuzungumza na kuta. Si kwa maneno, aligonga. Alipita kwenye ukuta mpya akiugonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anasogea hatua mbili, anagonga tena, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Akikuta mahali panapolia tofauti alimwita aliyejenga, akamuuliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Hapa ulijenga wewe au pamejijenga penyewe?" Mafundi waliomba ardhi ipasuke. Kisha akavua kandambili, akapanda jukwaa, akabomoa mstari ule na kuupanga upya mwenyewe, akieleza kila kitu polepole. Akimaliza alimuuliza fundi yule yule kama mtoto wake amepona tumbo. Sijui alijuaje habari za matumbo ya watoto wote wale.

Kwa binadamu hakuwa na subira. Ukichelewa dakika tano anakuwa ameshakasirika, amekusamehe na amepanga kazi nyingine. Kwa zege alikuwa na subira ya ajabu. Zege likishamwagwa lazima linyweshwe maji, asubuhi na jioni, siku zote alizozitaja yeye, na wala usimwambie kwamba jana lilipata. Alikwenda kulishika kwa kiganja. Siku ya harusi ya binti yake Zaituni, aliyekuwa anashughulikia mambo ya ofisi yetu, tulimkosa ukumbini wakati wa kupiga picha. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mama wa bibi harusi amezidiwa na uchungu wa kumtoa mwanawe. Baadaye kidogo akaingia, gauni limelowa kuanzia magotini kwenda chini.

"Mama, ulikuwa wapi?" Zaituni akamuuliza, machozi karibu.

"Kule kwenye jengo. Niliwaambia wamwagilie, hawakumwagilia." Akajipanga kwenye picha. "Haya, piga. Mbona mnasubiri?"

Picha ile ipo hadi leo, na Zaituni huionyesha kwa wageni kabla ya zile nyingine.

Watu walimcheka kwa jambo jingine. Mwanamke aliyeweka paa juu ya nusu ya ndugu zetu wa Ilala na Kariakoo, nyumba yake mwenyewe ilivuja. Masika yakija, sebuleni kwake paliwekwa ndoo moja kubwa, na mgeni akikaa karibu nayo alisogezewa kiti pasipo maelezo. Kila mwaka alisema kiangazi hiki atapanda mwenyewe. Kila kiangazi palikuwa na nyumba ya mtu mwingine. Nilipomtania, alijibu, "Mvua ikininyeshea mimi najua ni uzembe wangu. Ikimnyeshea mteja, naye atasema ni uzembe wangu. Sasa nianze na upi?"

Lakini siku niliyomjua hasa ni ile ya nondo.

Mwanawe wa kwanza, Rashidi, ndiye aliyekuwa akisimamia majengo makubwa. Alikuwa kijana mchangamfu, mwepesi wa kuelewana na watu, anapendwa na mafundi. Tulikuwa tunajenga jengo la ghorofa sita la mfanyabiashara mmoja wa vitenge. Nilichora mimi: msingi wa ghorofa sita, nguzo za ghorofa sita, na juu yake bati. Kazi ilipokaribia kufika juu, Rashidi akanijia mezani jioni moja kabla hatujafunga.

"Mchoraji, nichoree ya saba."

"Nguzo za chini hazikupigiwa hesabu ya saba, kaka."

"Zina ziada, we mwenyewe unajua. Tajiri anataka, akiridhika atatupa na lile la pili. Mama nitamwambia mimi."

Nilimwamini, au nilitaka kumwamini, kwa sababu nilikuwa nampenda kama kaka na sikupenda kuwa mtu wa kusema hapana. Nikachora. Ramani nikamkabidhi, na sikusema.

Hakuna aliyemwambia Mama Fundi. Aligundua mwenyewe, akiwa amesimama barabarani anakunywa maji ya dafu. Tulikuwa watatu: yeye, Rashidi na mimi. Akainua macho hadi juu ya jengo, kwenye sakafu ya mwisho iliyokuwa imemwagwa wiki ile. Kule juu, kila penye nguzo, nondo za chuma zilikuwa zimeachwa zimesimama, ndefu kupita kimo cha mtu.

"Rashidi," akasema, "zile nondo zinangoja nini?"

Rashidi naye akainua macho juu.

"Nakuuliza. Ghorofa ikiwa ya mwisho, nondo zinakatwa. Zile hazijakatwa. Zinangoja nini?"

"Zinangoja ya saba, Mama."

Aliliweka dafu chini taratibu sana. Kisha akanigeukia mimi. "Ulichora?"

"Nilichora, Mama."

Nilingoja anifukuze. Niliona hata njia nitakayopita, hadi kituoni, hadi kwa mama yangu na cheti chake. Yeye akatazama saa. "Nenda ukale," akaniambia. "Ukirudi utaandika barua."

Waliyosemezana yeye na mwanawe niliyasikia yote, kwa sababu sikwenda kula. Nilisimama nyuma ya rundo la mchanga. Rashidi alisema mji mzima watu wanaongeza ghorofa na majengo yamesimama. Alisema mama yake anajenga kwa woga. Alisema tajiri atampa kazi mtu mwingine na mtu huyo ataijenga hiyo saba, sasa wao watakuwa wamepata nini?

"Watu watakaolala mle ndani," mama yake akamjibu, "hawatajua ni nani alijenga ya sita na nani aliweka ya saba. Watalala tu. Mimi ndiye ninayejua."

"Mama, ni ghorofa moja."

"Kata nondo, Rashidi."

"Sikati."

Aliita mafundi wawili, akapanda nao ngazi zote sita. Huko chini tulisikia msumeno wa chuma ukilia, ukinyamaza, ukilia tena, nguzo baada ya nguzo, mpaka alasiri. Wapita njia walisimama kutazama. Yule mfanyabiashara alifika akiwa amefura, akapiga kelele getini, akatuambia tukusanye vifaa vyetu tuondoke. Tukakusanya. Jioni ile niliandika barua kwenda manispaa, yeye akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Ilisema jengo lile lina uwezo wa ghorofa sita tu, na kwamba aliyechora ndiye anayeandika. Aliniambia nisaini mimi, kwa jina langu kamili.

"Umeharibu kwa mkono huu," akasema. "Utengeneze kwa mkono huu huu."

Hakunikumbusha tena jambo lile, hata siku alizokuwa na hasira. Jengo lipo mpaka leo, lina ghorofa sita na bati la bluu, na chini kunauzwa vitenge.

Rashidi aliondoka wiki ile. Alikuja ofisini, akaweka funguo za gari la kazi mezani, akasema, "Kampuni ni yako, Mama. Mimi nitatafuta yangu." Mama yake akachukua funguo, akazitundika kwenye msumari wake, akaendelea kukagua ramani. Mkono wake ulikuwa kwenye ukurasa ule ule mpaka tulipofunga ofisi.

Miaka minne hawakukutana isipokuwa misibani na siku za Idi, na hata hapo walisalimiana kama watu wa mitaa miwili tofauti. Rashidi alianzisha kampuni yake, kazi ndogo ndogo kwanza, uzio, vyoo vya shule, kisha nyumba. Aliyeshika kamba kati yao alikuwa mzee wa jikoni. Kila Ijumaa alipika pilau, akalijaza kwenye hotpoti ya tatu, ile ya kijani, akaipeleka kwa mwanawe popote alipokuwa anajenga. Hakuomba ruhusa wala hakuficha. Asubuhi ya Ijumaa nilipopita kwao kuchukua ramani, nilimwona Mama Fundi anafungua hotpoti ile ya kijani, anatazama ndani, anaongeza mapande mawili ya nyama, anafunika. Jioni mumewe akirudi, alimuuliza neno moja tu.

"Kala?"

"Kala."

Kisha wakaendelea na habari nyingine.

Siku Rashidi aliporudi, hakuna aliyejiandaa. Aliingia ofisini saa nne asubuhi, matope yamemfika magotini, amekonda kidogo. Zaituni alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Aliendelea kuandika. "Maji yanatoka upande gani?"

Rashidi alikuwa amechimba msingi kule mtaa wa Gerezani na shimo lilikuwa linajaa maji kila asubuhi, pampu zimeshindwa, mafundi wameanza kusema mambo ya majini na mashetani. Hakuwa amemwambia mtu.

"Umejuaje?"

"Napita pale." Akafunga daftari. "Napita kila siku. Nilijua utakuja. Nilidhani utakuja Jumatatu, leo Jumatano. Upande gani?"

"Wa mashariki. Nadhani."

"Nadhani!" akasema, na lile neno alilitamka kwa furaha niliyokuwa sijaisikia kwa miaka minne. Akachukua kanga yake. "Twende ukanionyeshe hiyo nadhani yako."

Waliteremka wote wawili shimoni. Mimi nilishika ramani juu, na kila nilipochungulia niliona migongo miwili imeinama, mmoja mpana na mmoja mfupi, wenyewe wakinyooshea kidole tope. Lilikuwa bomba la zamani la maji lililovunjika chini ya ardhi, hata halimo kwenye ramani yoyote. Walipolipata, Rashidi alianza kusema, "Mama, yale ya siku ile..." Mama yake akamkata. "Kwanza ziba bomba." Likazibwa. Baadaye sikusikia kama waliyamaliza yale mengine. Nadhani waliyamalizia kwenye bomba. Ijumaa iliyofuata mzee hakupeleka hotpoti ya kijani popote, kwa sababu Rashidi alikuja kulia pilau nyumbani, akamaliza sahani tatu, na baba yake akakaa anamtazama tu mikono imelegea mapajani.

Mwaka uliofuata kampuni mbili zikawa moja na Rashidi akawa mkuu. Mama Fundi alistaafu, kwa maneno. Kwa vitendo alikuja ofisini kila siku kwa miezi mitatu, mpaka Zaituni akamwambia kwa adabu kwamba kiti chake kinahitajika. Alinung'unika, akaenda. Mimi mwenyewe nikaondoka muda si mrefu, nikafungua ofisi yangu ndogo ya kuchora karibu na Posta, na tukawa tunasalimiana kwa simu.

Mwezi uliopita nilikuwa napita Ilala kwa miguu nikamwona. Amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya uzio wa mabati, kwenye lango la jengo linalojengwa, mikono juu ya mkoba. Amezeeka, shingo imekuwa nyembamba, macho ni yale yale. Bango lililokuwa juu ya lango lilikuwa la kampuni yake.

"Shikamoo, Mama. Mbona umekaa nje?"

"Marahaba, Mchoraji! Nimekatazwa kuingia."

Nilitazama kama ameumia. Alikuwa anang'aa usoni kama mtu aliyepewa zawadi. Mlinzi, dada mmoja aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa, alikuwa amesimama wima mbele ya lango, na nilimwona jasho linamtoka.

"Nimemweleza bibi," akaniambia kwa kujitetea. "Bila kofia ngumu na buti haingii mtu. Kofia tunazo, buti kila mtu anakuja na zake. Yeye ana kandambili."

"Unajua huyu ni nani?" nikamuuliza.

"Ameniambia."

"Nimemwambia," Mama Fundi akadakia. "Nimemwambia mimi ndiye niliyeanzisha kampuni inayomlipa mshahara. Nimemwambia mkubwa wake nimemzaa mimi. Hebu mwambie huyu ulichonijibu."

Dada akainamisha kichwa. "Nimesema, mkubwa mwenyewe alisema hata akija mama yake."

Mama Fundi alicheka mpaka akashika ubavu. Alicheka mpaka machozi yakatoka, akayafuta kwa ncha ya kanga. "Hata akija mama yake! Umesikia, Mchoraji? Amewaambia hivyo, na huyu amemsikia, na analinda kweli." Akatulia kidogo, akivuta pumzi. "Mimi nilikuwa napiga kelele siku nzima ndiyo watu wanasikia. Yeye amesema mara moja, kaenda zake, na neno limebaki limesimama getini."

Nilimwambia nimpigie Rashidi simu ateremke. Akanikataza kwa mkono, akainuka. "Usimharibie. Mchikichini ni pale tu. Nisindikize."

Tukaenda Mchikichini, kwenye vibanda vya viatu vya mitumba. Alizungukia vibanda vitano. Kila buti aliikunja soli, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akaitia mkono ndani mpaka kwenye vidole. Muuzaji mmoja alimuuliza, "Bibi, unamnunulia mjukuu?" Akamjibu, "Nanunua za kwangu, nina kazi." Tukapata jozi moja ya kahawia, ya mguu mdogo, kamba moja nyeusi na nyingine nyeupe. Akavaa pale pale, akakanyaga kanyaga chini, kandambili akazitia mkobani.

Tuliporudi, mlinzi alimtazama miguuni, akachukua kofia kwenye msumari, akampa kwa mikono miwili. Mama Fundi akaivaa juu ya mtandio, akaikaza chini ya kidevu. Lango likafunguliwa. Akaingia kwa hatua fupi nzito za mtu asiyezoea buti, akaelekea kwenye ukuta wa kwanza aliouona.

Nikamfuata. Dada akanyoosha mkono, akanizuia.

"Na wewe, dada," akasema, akitazama viatu vyangu. "Samahani."

Nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki, nikamngoja.